Muhindi wa Canada Kaja Kuposa

Alkhamis, 29 Mei

Aseel kafika jana kutoka Canada. Mama kaletewa mkoba, Baba kaletewa saa, Bibi kaletewa sweta (nje digrii arubaini na nne, na sweta!), na mimi Yaqoob, kijana ambaye Ghubra nzima hapa Maskati hakuna wa kunifikia kwa uzuri, nimeletewa daftari. Tupu. Nikamuuliza, "Umepanda ndege siku nzima uje unipe kazi ya skuli?" Akasema, "Una maneno mengi, Yaqoob. Yatie humu, watu wapumzike."

Haya, natia.

Huyu Aseel ni binti wa marehemu Ami Sleyum, mdogo wake Baba. Kazaliwa huko huko Canada, ana miaka ishirini na nne, kamaliza masomo ya uuguzi na kazi anaanza mwezi wa tisa. Kiswahili anakijua, ila anakisema kama bibi kizee wa Unguja, maana kajifunza kwa babake tu. Asubuhi kaniambia, "Ahsanta sana, umeamkaje?" Nimecheka mpaka Mama kanipiga kofi la mgongo.

Jumapili, 1 Juni

Kwa atakayelisoma daftari hili nikishakuwa mtu mkubwa: mimi ni fundi AC. Skuli na mimi tuliachana darasa la kumi na moja, kwa makubaliano ya pande zote mbili. Nafanya kazi na Cornelius, Mkenya wa Bungoma, mwaka wa tisa huu yuko Maskati. Yeye anasema mimi si fundi, mimi ni mshika ngazi. Wivu.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Shuwa, nyama ya mbuzi ya kuzikwa shimoni. Sisemi nimekula kiasi gani, kuna watu wana vijicho.

Jumanne, 10 Juni

Digrii arubaini na saba. AC tisa leo, zote mtaa wa Al Khuwair. Nane kazitengeneza Cornelius, moja mimi, na hiyo moja wenyewe washapiga simu.

Jumamosi, 14 Juni

Leo tulikaa ndani mchana kutwa, hakuna aliyethubutu kutoka. Aseel alikuwa anamsaidia Bibi kukunja sambusa, mimi nasaidia kuzila. Akatuhadithia jambo.

Skulini kwao kulikuwa na siku ya tamaduni. Kila mtoto analeta chakula cha kwao na bendera ya kwao, meza zimepangwa kwa nchi. Yeye ana miaka tisa, kabeba bendera ya Oman na sahani ya sambusa alizopika babake. Mwalimu akamjia na tabasamu hilo, akamwambia, "Mpenzi, hizi meza yake ile pale, ya India." Akahamishwa. Meza ya India nao wakaitazama bendera, wakamtazama yeye, wakamuuliza, "Wewe umepotea?"

"Ukafanyaje?" nikauliza.

"Nikasimama katikati nikazila mwenyewe."

Huyo kweli ni damu yangu.

Halafu akaeleza habari za fomu. Kule ukenda kuomba kazi, ukenda chuo, kuna fomu ina visanduku: wewe Mwarabu, Mweusi, Muasia wa kusini, Muasia wa magharibi, Mchina, Mfilipino, na wengine. Wanasema ni kwa wema, wanataka kuhakikisha hakuna anayeachwa nyuma. Yeye kila fomu anakaa na kalamu dakika tano.

Bibi Mwanamize akaacha kukunja. "Kisanduku cha watu wa Unguja hakuna?"

"Hamna, Bibi."

"Nchi kubwa yote hiyo, wamekosa pahala pa kututia? Mamaangu Mngazija, babaangu Mmanga wa huku Oman, mie mwenyewe nimezaliwa Malindi ya Unguja nnazeekea Ghubra. Watanitia wapi?"

Nikasema mimi ningeweka alama kwenye vyote, nichukue msaada wa kila kabila. Aseel akacheka, kisha akasema, "Unajua, Yaqoob, kwa fomu ile na wewe Muasia."

Mimi! Miaka ishirini naishi Asia sijaambiwa. Ramani nimeiona, sikatai, lakini Muasia mimi nikijua ni Mchina.

Jumapili, 15 Juni

Nimemwambia Cornelius mimi ni Muasia. Kasema, "Wacha mchezo. Muasia ni yule Muhindi mwenye duka la hadiwea pale Bungoma. Wewe ni Mwomani asiyejua kushika bisibisi."

Alkhamis, 19 Juni

Siri, na mimi na siri tunajuana kama paka na maji, lakini hii nimeapishwa.

Aseel hakuja kututembelea tu. Ana mchumba. Jina lake Anas, Muhindi, Muislamu, mzaliwa wa Canada. Babu na bibi yake walikuwa Kampala, wakafukuzwa mwaka wa sabini na mbili pamoja na Wahindi wenzao, wakaangukia kwenye theluji. Anafanya kazi kwenye duka la dawa. Huko ndiko walikojuana: alikuja bibi mmoja Mkongomani, mkimbizi, hajui Kiingereza wala Kifaransa cha kutosha, kashika karatasi ya daktari analia. Aseel yuko nyuma yake kwenye foleni, akataka kumsaidia, na kabla hajafungua mdomo akamsikia yule Muhindi wa nyuma ya kaunta: "Mama, usilie, hii moja asubuhi, hii moja jioni, baada ya kula." Kiswahili kibovu, kasema Aseel, lakini Kiswahili.

"Na yeye," kasema, "skuli yao siku ya tamaduni alipeleka muhogo wa nazi. Wakamfukuza meza ya India wakampeleka meza ya Afrika."

"Na meza ya Afrika wakamuuliza kama kapotea."

"Umejuaje?"

Mimi najua vitu vingi. Najua pia kwamba hii kazi si ndogo. Babake Aseel kafa, kaka hana, babu hayuko. Walii wake, wa kumuozesha, ni Baba. Imamu wa kule angemtafutia njia, lakini hataki. Anataka mkono wa ami yake. Miezi mitatu hii kaja kuomba neno moja tu, ndiyo, kwa mtu ambaye ukimuomba chumvi anauliza ya kazi gani.

Jumapili, 22 Juni

Aseel kamwambia Baba. Baada ya chakula cha mchana, Baba karudi kutoka kazini Al Khuwair, kachoka, kavua kilemba. Mimi nilijitia kusafisha filta ya AC ya sebuleni nisikie vizuri.

Baba akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Kabila gani?"

"Wao hawana kabila, Ami. Wana jina la ukoo."

"Kila mtu ana kabila."

"Watu wa Gujarat."

"Mimi nitamuulizia wapi mtu wa Gujarat aliyezaliwa Canada?"

Na hapo ana haki kidogo. Kwetu posa ikija, watu wanaulizia. Unakwenda msikitini kwao, kazini kwake, kwa jirani, kwa aliyesoma naye. Mpaka unajua kama alipokuwa mtoto alikuwa akiiba tende. Huyu utakwenda kumuulizia kwa nani, kwa theluji?

Bibi hakungoja. "Muhindi! Sisi tumechanganya kila kitu, Muhindi tu ndo hatujatia, na mie nnasema wacha ibakie hivyo hivyo."

Baba kasema hasemi la, hasemi ndiyo. Aje aonekane kwanza. Aonekane tu.

Jumatano, 2 Julai

Unyevu. Vioo vinatoka jasho kuliko mimi.

Jumapili, 6 Julai

Baba kanituma nimuulizie Anas kwa watu wa Unguja waliohamia Canada, maana anasema mimi na simu ndiyo kazi yangu. Nimeuliza watu saba. Sita hawamjui, wa saba kasema kijana mpole ila hajui mpira. Nimepeleka ripoti. Baba kasema hiyo si ripoti.

Jumatano, 9 Julai

Leo Aseel kampigia simu ya video bibi yake Anas, Bi Shariffa, akampa Bibi ghafla kama mtu anayepokeza mtoto mchafu. Bibi katoa macho. Yule bibi kavaa shali, nyuma yake dirisha na mti, akasema, "Shikamoo dada, au nikuitikie marahaba? Nani mkubwa?"

Wakatafuta nani mkubwa. Wakafika mpaka mwaka wa vita. Bi Shariffa mzaliwa wa Mwanza, kaolewa Kampala. Kaondoka na sanduku moja na mtoto mgongoni. Bibi kaondoka Unguja na watoto wawili na cherehani. Wakawa wanataja walivyoviacha: vitanda, kuku, sufuria, mashine ya kusaga. Saa nzima na nusu. Mimi nilidhani wataanza kulia. Wapi! Wakaanza kugombana pilau. Bi Shariffa kakiri kwa mdomo wake anatia nyanya.

Simu ilipokatika Bibi kasema, "Nyanya! Mjukuu wangu hendi kwenye nyumba hiyo." Dakika kumi baadae: "Hebu nitafutie tena yule mwanamke, nimesahau kumuuliza kitu."

Ijumaa, 11 Julai

Bibi na Bi Shariffa. Saa mbili.

Jumapili, 13 Julai

Tena. Bado anasema Muhindi hampi.

Alkhamis, 17 Julai

Anas kafika. Tumekwenda kumpokea mimi na Aseel. Mrefu, mwembamba, miwani. Alipotoka nje ya milango ya uwanja joto likampiga, miwani ikajaa ukungu, akasimama kama kipofu na sanduku lake. Nikamwambia, "Karibu Asia." Akacheka. Anacheka vizuri, sikutaka kumpenda lakini ndiyo hivyo.

Kapanga hoteli, kwetu hakulala, adabu anayo. Kaniuliza majlis, kile kikao cha wanaume na wageni, inakwendaje, kesho kutwa asijiaibishe. Kauliza mtu sahihi! Nimemfundisha: vua viatu hapa, salimia kuanzia kulia, usikunje nne ukamuelekezea mtu unyayo, chukua tende kwa mkono wa kulia. Akaandika kwenye simu yake kila kitu, kama mwanafunzi. Mtu akiandika maneno yako unakuwa na kiu ya kuongeza.

Jumamosi, 19 Julai

Nataka kuyaandika sawasawa kama yalivyokuwa.

Baba alimwita Sheikh Zahran awepo. Ni jirani yetu, mtu wa bara ya Oman, mzee wa kabila kubwa, na Baba anamheshimu kupita kiasi. Baba alikuja nchi hii ana miaka kumi, Kiarabu chake cha Unguja watoto wakamcheka, na mpaka leo kazini mtu akimuuliza yeye wa wapi akataja kabila, mwenzake anamalizia, "Aa, wa Zinjibar." Kwa hivyo mbele ya Sheikh Zahran, Baba anakaa kama yuko kwenye mtihani.

Anas kaingia, kavua viatu, kasalimia kuanzia kulia. Nikajiona mwalimu. Tende kala kwa mkono wa kulia. Nikammiminia kahawa. Akakipokea kikombe, na akakiweka chini mbele yake. Hakunywa.

Hilo nalo nilimfundisha mimi.

Nilimsikia Sheikh Zahran mwenyewe mwaka jana akihadithia habari za wazee wao: mtu akija na haja kubwa anaweka kikombe chini, hanywi mpaka ajibiwe. Nikaiona tamu. Nikamwambia Anas, "Wanaume hasa hawaigusi kahawa mpaka wapate jibu. Baba yangu ukimfanyia hivyo atajua wewe si mtu wa mchezo." Nusu mzaha, nusu kujionyesha. Sikujua uzito wake. Kwetu sisi hakuna anayefanya hivyo. Kwetu kahawa inanyweka.

Baba kasema, "Kunywa, mwanangu."

Anas, na kile Kiswahili chake, akasema kama nilivyomkaririsha: "Sitakunywa mpaka nipate jibu la haja yangu."

Sheikh Zahran Kiswahili hajui, lakini kikombe anakijua. Akamgeukia Baba, akasema kwa Kiarabu, taratibu, "Ya Abu Yaqoob, mtu kaweka kikombe. Mjibu."

Nikauona uso wa Baba. Siku ile ilikuwa ya kuonana tu. Angemuuliza kazi, angemuuliza wazee, angemwambia inshallah tutaangalia, angekaa miezi, na moyo wake ungelainika mdogo mdogo kama alivyo siku zote. Sasa kijana aliyekuja peke yake, hana mzee hata mmoja nyuma yake, kamfunga mbele ya mtu anayemuogopa. Ndiyo au la, hapa hapa, na kikombe kinapoa.

Baba kasema, "Haja yako sinayo. Kunywa kahawa yako."

Anas akanitazama mimi. Alidhani hilo nalo ni sehemu ya mila. Aliyemfahamisha ni macho yangu, maana yaliangalia chini.

Akanywa.

Jumapili, 20 Julai

Sina la kuandika.

Jumatatu, 21 Julai

Bado.

Jumapili, 27 Julai

Anas kaondoka leo, siku tatu kabla ya tikiti yake. Hajamwambia Aseel nani alimfundisha. Nimemuuliza pale uwanjani kwa nini. Akasema, "Wewe ni kaka yake. Atahitaji kaka." Bora angenipiga ngumi.

Jumamosi, 2 Agosti

Aseel hasemi na mtu. Anasema yeye kule anaambiwa arudi kwao, kaja kwao, na kwao wamemuuliza kabila la mchumba wake. Alilisema hilo jikoni, kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anaosha vyombo. Simu ya Bi Shariffa ikalia, Bibi hakupokea.

Jumatatu, 4 Agosti

Tuko juu ya paa Al Khuwair, mashine za AC zinanguruma kama ng'ombe, nikamwambia Cornelius yote. Akaacha kazi. Cornelius haachi kazi hata akiumwa.

"Ngoja. Wewe ndiye ulimwambia asikunywe?"

"Nilimtania kidogo."

"Unajua mimi nilipofika huku, kuna jamaa aliniambia ukiingia kwa mudir, yaani bosi, mara ya kwanza, unamgusisha pua. Nikaenda, nikamgusisha pua. Walinicheka mwaka mzima." Akajifuta jasho. "Mtu mgeni ni kama mtoto. Chochote unamwambia anashika, kwa sababu hana kingine cha kushika. Mimi nilipoteza aibu tu, ikaisha. Huyo wako amepoteza mke."

"Sasa nifanyeje?"

"Unaniuliza mimi? Uko na mdomo Maskati nzima inausikia. Leo ndio umeisha chaji?"

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwambia Baba.

Tumetoka msikitini, mimi naendesha, yeye pembeni. Nikasema maneno yote kwa pumzi moja nisije nikapata akili nikanyamaza. Kikombe nilimfundisha mimi. Yeye hakujua. Hakutaka kukufunga. Nilifanya mzaha.

Nilingoja kofi. Baba kaangalia mbele tu. Kisha akasema, "Nilijua. Mtu wa Canada ataijulia wapi ile? Nilikuona unaangalia chini."

"Sasa kama ulijua, Baba, si umwite tu?"

"Unadhani nimekataa kwa ajili ya kikombe?"

Nikapunguza mwendo.

"Sleyum alipokwenda alisema miaka mitano. Kila Idi namuuliza, unarudi lini? Ananiambia mwakani. Miaka ishirini na tano, mwakani. Halafu nimepigiwa simu, kafa, na kesho yake simu nyengine, kashazikwa. Nikajiambia, basi, huyu binti ataolewa huku. Azae huku. Kitu chake kirudi." Akashusha kioo, joto likaingia kama mtu kafungua tanuri, hakujali. "Nikimpa yule kijana, nimekubali kwa mdomo wangu kuwa nduguyangu harudi."

"Lakini Ami keshakufa, Baba."

"Najua keshakufa!"

Alipiga kelele mpaka watu wa gari ya pembeni walitutazama. Kisha akapandisha kioo. Miaka yote nilimdhani Baba anaogopa watu watasema nini. Kumbe watu walikuwa pazia tu.

Jumatano, 13 Agosti

Baba katuita sote sebuleni. Kakohoa mara tatu. Mimi nina wasiwasi wa kufukuzwa, kumbe kaandika karatasi ya uwakala. Walii anaweza kumpa mtu uwakala amuozeshee, na yeye kanipa mimi. Nisafiri, nisimame mahali pake, nimkabidhi Aseel kwa Anas.

"Mimi mwenyewe siendi," kasema. "Wala simu sitoshika. Nimesema la kwa mdomo huu mbele ya mtu. Wewe uliyeharibu, wewe ukatengeneze."

Aseel akamkumbatia, akasema ahsanta, ahsanta, Ami. Baba akasimama kama mlango. Mimi nilikuwa nishaanza kufikiria koti gani litanipendeza.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimejaza fomu za viza. Zinanitaka nithibitishe kuwa nina cha kunirudisha nyumbani. Masomo: sikumaliza. Nyumba: ya Baba. Mke: bado, tunapokea maombi. Kazi: fundi AC. Cornelius kasoma juu ya bega langu, kwa mara ya kwanza hakubisha.

Ijumaa, 22 Agosti

Aseel kaondoka. Bibi kamfungia pilau kilo tatu, haina nyanya, apelekewe Bi Shariffa aone. "Mwambie nnampa mjukuu wangu, lakini hili sitolinyamazia."

Jumapili, 14 Septemba

Wamenikataa.

Barua fupi. Hawajaridhika kuwa nitaondoka Canada muda wa ziara ukiisha. Nimeisoma mara tano. Mimi! Mimi ambaye nikilala usiku mmoja nje ya Ghubra mgongo unauma. Nina Mama, nina Bibi, nina nusu ya AC za Al Khuwair zinaharibika kila nikizigusa, nani mwengine atakwenda kuziharibu? Lakini hayo fomu haikuuliza. Kuna mtu mahali kakaa na karatasi zangu, hajanisikia hata nikiongea, kaamua mimi ni mtu wa namna gani.

Nimempelekea Cornelius. Nilingoja anicheke, maana mimi humcheka kila mwaka akijaza za kwake akakataliwa. Ana dada yake huko, Priscah, anatunza wazee. Hakucheka. Kasema, "Pole, ndugu. Sasa umekuwa mmoja wetu." Kisha kanikabidhi bisibisi kubwa, ile asiyonipa kamwe.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimemwambia Baba kuhusu viza. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo, watu washaalikwa. Nikamwambia imamu wa kule kasema si tatizo, Baba ampe uwakala yeye imamu, neno moja tu kwa simu, mambo yaishe.

"Imamu nani?"

"Imamu wa msikiti wao. Mpakistani. Watu wanamsifu."

"Namjua?"

"Humjui."

Baba akazunguka sebule. Akasimama mbele ya AC, ambayo sijui kwa nini ilichagua siku hiyo kuvuja maji, akayatazama yanadondoka. "Mtoto wa Sleyum," kasema, "nimpitishie kwenye mikono ya mtu nisiyemjua?"

Alikuwa haniulizi mimi.

Jumamosi, 20 Septemba

Baba kenda kwa Sheikh Zahran, aliyeisikia ile la yake, baada ya Alasiri, karudi Magharibi, kasema simu ataishika mwenyewe. Sijui walizungumza nini, na sikuuliza. Mimi kutouliza ni habari ya kutiwa gazetini.

Jumanne, 23 Septemba

Upepo mzuri asubuhi. Digrii thalathini na tatu, watu wamefungua madirisha. Biashara itakufa.

Jumamosi, 27 Septemba

Huku saa kumi na mbili kasoro jioni, kule saa nne kasoro asubuhi. Nimeiweka simu juu ya vitabu sita ili isimame vizuri. Bibi kakaa mbele kabisa, kajitia manukato, kana kwamba Bi Shariffa atayanusa. Mama nyuma yake. Cornelius nimemwalika, kaja na suti, kakaa karibu na mlango na haya zake. Sheikh Zahran naye kaja, kaketi na fimbo yake.

Baba hayuko. Alisema anakwenda kubadilisha nguo, dakika ishirini zilizopita.

Kwenye simu msikiti umejaa. Namuona Anas na kofia mpya, miwani safi. Aseel yuko upande wa wanawake, katutumia picha: nguo nyekundu ya Kihindi, hina ya kwetu mpaka kwenye viwiko. Imamu akauliza kwa Kiingereza, walii yuko tayari? Mimi nikasema dakika moja. Akauliza tena. Dakika moja. Anas alikuwa anaangalia chini.

Baba akaingia. Kilemba kizuri, dishdasha, ile kanzu yake ya Idi, khanjari kiunoni. Hakumtazama mtu. Akakaa mbele ya simu, magoti pamoja, mikono juu ya mapaja.

Imamu akampa maneno ayafuate, kwa Kiarabu. Baba akaanza sawasawa, sauti nzito ya kiofisi: nimekuozesha, ewe Anas, binti wa ndugu yangu, Aseel binti...

Akasimama.

Nilidhani simu imeganda. Haijaganda, kule nyuma mtoto alikuwa anapita anakula. Baba mdomo umefunguka, jina halitoki. Nchi mbili zinamngoja. Sheikh Zahran kainamisha kichwa. Bibi, aliyemzaa huyo Sleyum, alikuwa na mkono mdomoni, na hakumsaidia. Alijua hili ni la kwake mwenyewe.

"Aseel binti," Baba akaanza upya.

Tena akasimama. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kunyanyua kitu kutoka chini.

"Aseel binti Sleyum."

Alipolitoa hilo, mengine yakafuata, mpaka mahari, mpaka mwisho. Anas akasema nimekubali, kwa haraka, kama anaogopa mtu atamtangulia. Msikiti wote ukapiga kelele kwenye kile kisimu changu. Bibi akapiga kigelegele, Cornelius karibu aanguke kitini.

Baba hakusimama kwenda kupeana mikono. Akasema, "Mpeni simu Aseel."

Ikapita mikono mingi, dari, mapazia, nyuso za wanawake, mpaka akatokea yeye, wanja umeshaanza kuchuruzika. Baba akamtazama kwa muda mrefu.

"Umekula, mwanangu?"

"Bado, Ami."

"Basi nenda ukale," Baba kasema. "Leo kwenu ndo kwanza asubuhi."